Maji Yanakwenda Wapi?

Nchi hii kila mtu mzima ni daktari wa malaria, kocha wa Taifa Stars na fundi wa magari ya wenzake. Hayo mawili ya kwanza nimeyazoea. Hili la tatu linanitoa hela mfukoni. Tangu rejeta ya lori langu ianze kupungua maji, nimepewa ushauri na watu ambao hawajawahi kumiliki hata toroli.

Ugonjwa wenyewe ni wa kinyonge. Rejeta ikipasuka kiume, mvuke unapanda juu, dereva anaegesha pembeni, utingo anakata matawi anayatandaza barabarani, na kila apitaye anajua kuna msiba. Hii yangu haikupasuka. Asubuhi inajazwa mpaka shingoni, jioni imepungua kikombe. Chini ya gari pakavu kabisa. Dereva ananipigia simu kutoka Ruaha Mbuyuni: "Mzee, gari linakunywa maji," kwa sauti ile ile anayotumia kunitangazia kwamba dizeli imepanda.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, akasema ni kifuniko. Hoja yake haikuwa mbaya, lazima nikiri. Kifuniko cha rejeta kina springi inayoyabana maji kwa presha, na maji yaliyobanwa hayachemki kwenye nyuzi 100. Kifuniko cha bar 0.9 kinayafikisha karibu 120 kabla hayajaanza kutokota. Springi ikichoka, maji yanakimbilia kwenye kitenki cha akiba, yanafurika, yanaishia barabarani. Nikanunua kifuniko kipya. Maji yakaendelea kupungua, na mwalimu akageukia siasa.

Shemeji yangu anafanya kazi benki, kwa hiyo anajua kila kitu. Yeye alisema gasketi ya silinda hedi imekufa, maji yanaingia ndani ya injini yanaungua. Kuvua hedi, kuipeleka kusagwa, kurudisha: hiyo si hela ya kuitamka ukiwa umesimama. Nikamvuta mpaka kwenye lori. Gasketi ikifa, moshi mweupe hautaki kukoma hata injini ikishapata moto, mapovu yanachemka mdomoni mwa rejeta, na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Nikachomoa kijiti mbele ya macho yake: oili nyeusi tii. Akatazama, akafuta mikono ambayo haikuwa imeshika kitu, akasema, "Bado haijafikia hatua hiyo."

Fundi wetu wa siku zote naye akashika wota pampu. Chini ya wota pampu kuna kitundu ambacho sili ikichoka kinaanza kutoa matone, ndiyo kazi yake. Cha kwetu kilikuwa kikavu, na vumbi lake halijaguswa. Nilikwenda msibani, kurudi nakuta wota pampu mpya imeshafungwa na risiti inanisubiri. "Mzee, ya zamani ilikuwa imechoka." Nani hajachoka?

Utingo hakungoja ruhusa ya mtu. Alinunua manjano dukani, akamimina rejeta nzima ikanukia pilau. Na kwa muda, usicheke, maji yalitulia. Unga ulikwenda ukajibana kwenye ufa. Shida ni kwamba unga haujui kubagua: vijia vya ndani ya rejeta ni vyembamba, navyo ukaviziba. Lori likapanda Kitonga na saruji, gia ndogo, mwendo wa kobe, hakuna upepo wa kusaidia feni, na mshale wa temperecha ukapanda nalo. Dereva alilala mlimani. Mimi sikulala popote.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja ambaye hashughuliki na kitu kingine zaidi ya rejeta. Hakusema ni nini. Nilidhani hajanisikia. Alisukuma manjano yote yatoke kwa maji ya mpira, akaosha na nje vumbi na panzi waliokauka, kisha akaagiza kichwa cha gari kinyanyuliwe. Akafunga mdomoni mwa rejeta kipampu cha mkono chenye geji, akapampu mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, akakaa kwenye ndoo.

Mshale haukusogea. Dereva akanitazama kama aliyeshinda kesi. Mzee akamwambia awashe injini, kipampu kikiwa pale pale. Ilipopata moto, dereva akataka kufungua aone maji yalipofikia. Alichapwa mkono kama mtoto anayedokoa nyama jikoni. Maji yale yangemchuna uso.

Baadaye mzee akawasha tochi, akaniita. Tenki la juu la rejeta ni la plastiki, limebanwa kwenye mbavu za aluminiamu. Pale kwenye maungio, upande unaoingia mpira wa maji ya moto, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Kando yake kigaga cha kijani, mabaki ya kulanti. Tone likajitokeza, likatetemeka, feni ikalivuta likapotelea kwenye injini ya moto. Halikufika chini. Injini ikipoa plastiki inajikunja, ufa unafunga mdomo, na wote tuliokuwa tunainama asubuhi kuchungulia tulikuwa tunasujudia pakavu.

Gundi ya chuma alikataa, alisema plastiki iliyokwisha kukauka kwa joto itapasuka tena pembeni ya kiraka. Tumebadilisha tenki. Sasa dereva analalamikia kulanti: "Mzee, ya nini, kwani huku kuna barafu?" Nimemweleza kwamba inazuia kutu na inachelewesha kuchemka. Amenisikiliza vizuri sana, na nyuma ya kiti bado ana dumu lake la maji ya mtoni.

Kilichobaki ni ile wota pampu yangu ya zamani. Nimeifuata gereji mara kadhaa. Fundi anasema alimpa mtu aliyekwama. Nimeulizia hali yake: inafanya kazi vizuri, haivuji hata tone.