Maji Ndani ya Tokeni

Nunua tokeni ya stima uone: risiti huja na ukoo mzima. Gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo ya mdhibiti wa nishati EPRA, ya umeme vijijini, VAT ya asilimia 16. Katikati yao kajibanza tozo ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa yale maji yanayozungusha mitambo huko mtoni. Kwa hiyo mkazi wa Kibera ambaye mfereji wake umekauka tangu juzi asinung'unike. Maji keshayalipia, ila yamo ndani ya balbu.

Tangu Aprili 2023, bei ya stima ya wanyonge ni ya asiyezidisha yuniti 30 kwa mwezi. Huruma iliyoje! Lakini ploti ya Kawangware yenye vyumba kumi na mita moja huhesabiwa kuwa bwana mmoja mwenye matumizi makubwa, na wapangaji wote wakapandishwa daraja bila kuhama mabati. Hongereni.

Bei ya maji nayo huidhinishwa na mdhibiti wa huduma za maji, WASREB, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Muuza maji mwenye tangi hana makuu hayo. Mtungi wa lita 20 kwa shilingi 5 ni shilingi 250 kwa mita ya ujazo, na mifereji ikikauka, kikao chake cha kupandisha bei huisha kabla mtungi haujajaa.