Mjomba Anataka Ukuta wa Spika

Mteja wa mziki hapa Dar es Salaam ana swali moja tu kwenye simu, nalo halihusu sauti. "Una spika ngapi?" Atauliza hivyo kabla hajataja tarehe, kabla hajasema kama shughuli ni ya ukumbini au ya uwani, na kama ni mwanakamati aliyebanwa na michango atauliza kabla hata ya salamu. Ukimjibu kwamba inategemea na mahali penyewe, anakuona huna vyombo. Ukimjibu "nane", anashusha pumzi: "Hapo sawa, kaka."

Mimi na binamu yangu tunakodisha mziki mdogo huku Mbagala: sabufa za inchi 18, spika za juu za inchi 15 zenye honi, mixa, amplifaya mbili, nyaya za kutosha kufungia mbuzi wote wa mnada wa Pugu, na kirikuu moja ambayo ikishapakia vyote hivyo haipandi mlima mpaka sisi tushuke. Tumefunga vyombo kwenye sendofu, harusi, vipaimara, maulidi na mikutano ya injili. Kote huko sijakuta familia isiyo na mtaalamu wa besi. Mara nyingi ni mjomba. Hajawahi kushika waya, lakini aliwahi kwenda kwenye tamasha kubwa akaona spika zimepangwa ukuta mzima, na tangu siku hiyo haoni namna ya kumwoza mpwa wake kwa chini ya hapo.

Wa sendofu moja ya Mbagala Kuu alikuja mwenyewe stoo kukagua, mikono nyuma, akihesabu kwa kidevu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hizi nne ndizo zinazofanya kazi?"

"Ndiyo mjomba. Ua wenyewe una hatua 20, wageni 150. Sabufa mbili na za juu mbili zinatosha, na chenji inabaki."

"Kijana, sijaja kutafuta chenji. Nataka nane. Wakwe wanatoka Moshi."

Hoja ya wakwe wa Moshi haina jibu la kifundi. Binamu, ambaye kati yetu ndiye mfanyabiashara, akasema nane zitakuja. Stoo tuna maboksi mengine manne ya marehemu: mawili koili ziliungua, moja koni yake ililiwa na panya, na la nne lilikata kauli katikati ya ngoma huko Kongowe na mpaka leo hatujui kilichoipata spika yake. Ukishatoa koni mbovu na kurudishia wavu wa chuma mbele, boksi la sabufa ni kabati zuri sana. Binamu anahifadhia humo nyaya za akiba, solotepu nyeusi na chupa ya chai.

Siku ya sendofu ukuta ukasimama. Mjomba alipita mbele yake taratibu, akafika kwenye boksi la chai, akaliwekea kiganja na kufumba macho.

"Hili," akamwambia shemeji yake, "ndilo linalopiga. Hayo mengine yanasindikiza."

Wala hakuwa akidanganya. Kiganja kilisikia mtikisiko wa kweli, maana boksi tupu lililobanwa ubavuni mwa sabufa nzima hutikisika kuliko kitu kingine chochote hapo uwani.

Anayesalimika na maboksi ananaswa na wati. Ingia duka la vyombo Kariakoo utakuta spika ya plastiki yenye taa za rangi, ubavuni imeandikwa wati 12,000. Igeuze. Nyuma, pale unapoingia waya wa umeme, pamebandikwa karatasi ndogo ya fedha inayosema inakula wati 180. Nilimwonesha muuzaji. Hakupepesa macho: "Kaka, hizo 12,000 ni za mziki, hizo 180 ni za umeme." Jibu lilikuwa zuri hata nikamwomba alirudie. Umeme wa majumbani ni volti 230, na plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha, unapata chini kidogo ya wati 3,000. Chochote kinachochomekwa ukutani kwa plagi moja, iwe pasi au spika, hakiwezi kuendelea kutoa zaidi ya hapo. Zile 9,000 zilizobaki labda zinaletwa na bodaboda.

Na hata wati zikiwa za halali, sikio halizihesabu jinsi mfuko unavyozilipia. Ukitoka amplifaya ya wati 500 ukanunua ya 1,000, umeongeza desibeli 3, ambazo mgeni mwenye sahani ya pilau mkononi wala hatazishtukia. Ili aseme sauti imekuwa maradufu unahitaji desibeli 10 hivi, yaani wati mara 10. Mwaka 1919 Rais Woodrow Wilson wa Marekani alihutubia makumi ya maelfu ya watu uwanjani San Diego kwa honi za Magnavox, enzi ambazo amplifaya haikuwa na nguvu za kupasha pasi moto. Honi ndizo zilizofanya kazi, kwa kuwaelekezea watu sauti badala ya kuimwaga hewani. Hilo nalo nilimweleza mjomba. Akauliza huyo Wilson alikuwa na DJ gani.

Kazi yenyewe iko kwenye kupanga. Sabufa hukaa chini kabisa, kwa sababu ardhi huirudishia besi nguvu ambayo ingepotea. Spika za juu ni lazima zipite vichwa vya watu, kwani sauti nyembamba ikikutana na shangazi aliyejifunga vitenge vitatu huishia hapo hapo; safu ya mbele itaziba masikio na ya nyuma itaulizana MC kasemaje. Wateja hupenda kinyume chake. Wanataka sabufa ipande juu, kwa kuwa ndiyo kubwa na ndiyo ghali, ionekane kwenye picha. Sabufa ya mbao ya inchi 18 ina karibu kilo 50, na anayetaka ipandishwe huwa siye anayeipandisha.

Halafu vyombo vinatembea. Singeli ikishakolea, mapigo yanapita 200 kwa dakika, na spika iliyokalishwa juu ya sabufa bila kufungwa inaanza safari. Huioni ikienda. Unachoona ni kwamba jioni ilikuwa ikitazama meza kuu na sasa inatazama jikoni. Pale Mbagala Kuu aliyeibaini ni bibi yake bi harusi, ambaye tangu magharibi alikuwa kwenye mkeka wake bila neno. Hakupiga kelele. Aliinuka, akafungua kanga ya juu, akaipitisha kwenye mshikio wa spika, akaishusha hadi kwenye mshikio wa boksi la chini, akakaza fundo la mbeleko, akarudi kukaa. Lilidumu mpaka alfajiri. Mikanda ya kukazia tunayo, tena mizuri. Ilikuwa kwenye boksi la chai, na mjomba alikuwa bado ameliegemea.

Kisa cha waya ni cha kwenye kipaimara huko Chanika. Mpwa wa mwenye shughuli, kijana mwenye adabu anayesomea umeme, aliomba kusaidia, na kumkatalia mpwa wa mwenye shughuli ni kujitafutia malipo ya mwezi ujao. Sabufa zetu za zamani zina skrubu mbili nyuma, nyekundu na nyeusi. Ya kushoto alifunga sawasawa. Ya kulia akabadilisha.

Besi ikapotea. Tuseme vizuri: ilikuwepo kila mahali isipokuwa pale pa kuchezea. Ukisimama katikati mbele ya keki husikii kitu. Ukienda msalani mlango unatetemeka. Wachezaji wakaanza kujigawa wenyewe, hawa kushoto, hawa kulia, katikati pakabaki uwazi mpana. Hapo akawa amesimama padre peke yake, akitabasamu huku na huku, akidhani wamempisha kwa heshima.

Sabufa mbili zikisukuma hewa kwa pamoja zinaongezeana. Ukibadili nyekundu na nyeusi kwenye moja, hii inasukuma wakati ile inavuta, na atakayesimama katikati yao anapata sifuri. Ni kama watu wawili wanaonasua gari kwenye tope, mmoja akisukumia nyuma na mwenzake akisukumia mbele. Jasho linawatoka wote, gari liko pale pale. Binamu alilala kifudifudi nyuma ya boksi na bisibisi, akabadili nyaya, besi ikarudi katikati bila hodi. Padre aliruka. Watu wakashangilia wakidhani kaanza kucheza, naye, kwa hekima, akaendelea.

Lakini hata nyaya zikiwa sawa, kuitenga sabufa moja kushoto na nyingine kulia kuna matatizo yake. Sauti ya hezi 50 ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7. Meza ambayo iko karibu na sabufa moja na mbali na ya pili kwa tofauti ya mita 3.4 au 3.5 hivi hupokea mawimbi mawili yaliyogombana njiani, na ile besi ya hezi 50 inakufa hapo. Ndiyo maana wageni wa meza moja hulalamika hakuna mziki na wa meza ya jirani wanaomba upunguzwe, na MC anawaona wote ni walevi. Dawa yake kifundi ni kuzibananisha sabufa zote katikati, mbele ya jukwaa. Dawa hiyo kimapambo ni kosa la jinai.

Kwenye harusi moja ya Kigamboni mama wa mapambo alikuta sabufa zimeziba maua. Akangoja twende kula, akazihamishia pembeni kwa msaada wa vijana wake, akazivisha satini nyeupe. Akazivisha na spika za juu, kitambaa mikunjo mitatu. Kitambaa kizito hakiidhuru sana besi, kinameza sauti nyembamba, na herufi ya kwanza kufa ni "s". MC akawaambia wageni "simameni", uwanja ukasikia "imameni", na mzee mmoja akamwinamia mwenzake kuuliza imamu kafuata nini kwenye harusi ya kanisani. Kisha mama wa mapambo akaiona amplifaya, taa zake za kijani haziendani na rangi za sherehe, akaifunika nayo. Amplifaya ina feni, na feni iliyokosa hewa huvuta satini. Wakati wa kukata keki ikajizima kwa joto. Keki ilikatwa kwa makofi na vigelegele, na nimesikia wapo wanaoisifu harusi ile mpaka leo kwa utulivu wake.

Nje ya turubai kuna mtu wa mwisho, mjumbe wa shina. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inagusa mpaka kelele, na wasimamizi wake wana vipimo vya desibeli, ila mtaani kipimo ni kabati la vyombo la mjumbe. Saa nne usiku anafika na msuli wake.

"Vijana, sina ugomvi na furaha za watu. Hizo spika zigeuzeni zitazame barabarani."

Tukazigeuza. Spika za juu zikamtii, kwa kuwa honi hulenga. Sabufa haina mbele wala nyuma ya maana: wimbi la mita 7 linalizunguka boksi lote, linavuka ua, linaingia dirishani na kwenda moja kwa moja kwenye vikombe. Baada ya nyimbo chache mjumbe akarudi. Safari hii alikuja na kikombe chenyewe.

Njia ya kuipunguza besi ya nyuma ipo. Unapanga sabufa mbili, moja inatazama wageni na nyingine inatazama nyuma. Hiyo ya pili unaichelewesha kwa milisekunde chache na kuigeuza nyaya kwa makusudi, ili besi inayokwenda nyuma ijimalize yenyewe. Kwenye shughuli iliyofuata mtaa ule ule binamu alifunga hivyo, akapima huku na huku kwa masikio na simu, na kwa mara ya kwanza mjumbe alituletea kahawa badala ya ushahidi. Mambo yalikwenda hivyo mpaka mjomba wa familia ile alipopita kukagua ukuta, akaona boksi moja limewapa wageni mgongo, akasema vijana wa siku hizi hawana umakini, akaligeuza.

Msimu umeanza, ndugu mwanakamati, na simu yako naisubiri. Wageni 150 chini ya turubai wanatoshwa na sabufa mbili za inchi 18 zilizobanana na spika mbili za inchi 15 zilizosimama juu ya vichwa vyao, kwa bei ya maboksi manne. Anayetaka nane ataletewa nane: bei mara mbili, kirikuu safari mbili, nusu ya malipo kabla hatujapakia, na mjomba asifungue boksi lolote la upande wa kushoto.