Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Mandhari ya Jiji: Naomba Kibali cha Kisamvu

Waheshimiwa,

Pongezi kwa kuipendezesha Dar es Salaam. Kila ua sasa una pevingi, kila geti lina miashoki iliyosimama wima kama askari wa gwaride. Haitupi tunda, haiingii chunguni. Safi kabisa; mti wa mjini ukianza kulisha watu utazoea.

Shida yangu ni ndogo, hata naona haya kuwasumbua. Natafuta kisamvu cha mpira. Cha muhogo kipo tele Kariakoo, Ilala na Buguruni. Ukiuliza cha mpira, mama anakuchotea kwenye beseni majani yaliyokwisha kusagwa mashineni, huku akiapa, "Ndicho hichohicho, kaka." Utabisha nini? Jani la mpira hujulikana kwa vidole vyake vipana, na hapo vidole vyote vimeshakuwa rojo la kijani. Ukweli utaujua mezani, nazi imeshakunwa na hela imeshaliwa.

Labda mnauona mpira kuwa mti wa kishamba. Jamani, asili yake ni Brazil! Wajerumani waliupanda kwa mashamba makubwa huku Tanganyika wakitaka utomvu wake, watengeneze mpira. Mwaka 1913 bei ikaporomoka, maana mpira wa mashamba ya Asia ulikuwa umefurika sokoni. Wawekezaji wakaambulia hasara. Bibi zetu wakachuma majani, wakatwanga, wakatia tui. Katika miradi yote ya kigeni niliyowahi kusoma habari zake, sijaona mwingine uliotuachia faida namna hii.

Mti ukabaki uani, umefungwa kamba ya kuanikia nguo. Ilipokuja pevingi ukaonekana mchafu kwa kupukutisha majani, ukakatwa.

Basi naomba kibali cha kuotesha mpira mmoja kwenye kile kisiwa cha nyasi katikati ya barabara, palipoandikwa "Usikanyage". Maji hautawadai, jua unalistahimili. Jina likiwatia aibu mbele ya wageni, andikeni kibaoni Manihot glaziovii, wataupiga picha.

Kibali kikichelewa, nielekezeni walau kwa muuzaji mmoja anayeuza majani yakiwa bado na vikonyo vyake, nitatwanga mwenyewe.

Na mkija kukagua, tafadhali msionje jani bichi. Lina sumu ya sianidi. Hutwangwa kwanza, likachemshwa sana, ndipo likatiwa nazi.

Wenu mtiifu,
Mla majani