Kamera Yenye Njaa Kwenye Gridi ya Taifa

Miongoni mwa imani zilizostawi katika kumbi za harusi za Dar es Salaam, ipo ile inayodai kwamba kamera iliyochomekwa ukutani imeagana na matatizo ya betri. Imani hiyo huvunjika wakati wa kukata keki, pale kamera inapoonyesha alama ya betri tupu na kuzima, ingawa imeunganishwa na gridi ambayo Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina uwezo wa kuipatia megawati 2,115.

Betri ya kamera kubwa kwa kawaida huwa na seli mbili za lithiamu zilizounganishwa mfululizo, hivyo huitwa ya volti 7.2, ijapokuwa ikijaa hufikia 8.4 na hushuka taratibu hadi karibu 6 inapokwisha. Ukinzani wake wa ndani, yaani kizuizi ambacho mkondo hukutana nacho ndani ya betri yenyewe, ni mdogo, kwa hiyo mota ya lenzi ikidai mkondo mkubwa ghafla, hupewa papo hapo. Adapta, kwa upande wake, hupokea mkondo geu wa volti 230, ambao hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na kuufanya mkondo mnyoofu wa volti karibu 8. Lakini ikidaiwa ampea zaidi ya zilizoandikwa mgongoni mwake, hushusha volti au hujizima, bila kujali kisu kimefika wapi kwenye keki.

Hapo ndipo kamati ya harusi hutoa tiba. Kwa kuwa wageni wanaukanyaga waya, huamuliwa urefushwe ili upite nyuma ya jukwaa, na kipande chembamba huungwa kati ya adapta na kamera, mahali pabaya kuliko pote, kwani upande wa soketi mkondo ni mdogo na hasara yake ni ndogo pia. Nusu omu ya ukinzani ikipitiwa na ampea 3 hula volti 1.5, kamera hubakiwa na 6.5, na kwa kuwa huipima betri kwa volti, hutangaza kwa unyofu kwamba betri inakata roho.

Umeme ukikatika, adapta hukatika nao bila kuaga, ilhali betri hutoa onyo mapema. Kwa sababu hiyo wapiga picha wazoefu huomba betri ya akiba, ombi ambalo kamati hulifuta kwenye bajeti ili fedha zitoshe kukodi jenereta.