Barua ya wazi kwa FBI: Yah. mtoto aliyepelekwa kazini

Mkurugenzi,
Shirika la Upelelezi la Marekani (FBI),
Washington.

YAH: MTUMISHI WAKO DOUGLAS

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Januari 2022 Netflix walitoa tamthilia ya sehemu nane, The Woman in the House Across the Street from the Girl in the Window. Jina ni refu kama foleni ya benki mwisho wa mwezi, na ni refu kwa makusudi: ni dongo kwa riwaya na filamu zote za mwanamke anayekaa dirishani na glasi yake, anaona jirani akiuawa, halafu hasadikiwi. Netflix hao hao walikuwa wameonyesha mojawapo bila hata tabasamu, The Woman in the Window ya Amy Adams, Mei 2021. Miezi minane baadaye wakatuletea ya kuicheka. Hiyo ni biashara yao, siyo ya ofisi yako.

Langu ni Douglas. (Asiyeitazama na anayetaka kuitazama aishie hapa, namwaga mtama penye kuku wengi.)

Anna, anayeigizwa na Kristen Bell, ni mchoraji aliyeacha kuchora. Anafungua mvinyo mwekundu na kuumimina mpaka glasi inajaa pomoni, kiasi kwamba ukiinyanyua unamwagikiwa. Juu yake vidonge. Mvua ikinyesha anazimia. Akiepua kuku kwenye oveni anasahau kitambaa, anashika bakuli la moto kwa mikono mitupu. Usiku mmoja anamwona Lisa, mpenzi wa jirani yake Neil, kwenye dirisha la ng'ambo ya barabara, damu zikimchuruzika shingoni. Anaita polisi. Polisi wanafika, damu hawaioni, chupa wanaziona. Tangu hapo mtaa mzima una jibu moja: huyu mama kachanganyikiwa.

Sawa, kachanganyikiwa. Nani kamchanganya? Nimefuatilia, na kila nikifuata njia naishia mlangoni kwako.

Douglas, aliyekuwa mumewe, ni mtaalamu wenu wa kuchambua akili za wauaji. Huko kwenu kuna siku ya kupeleka watoto kazini, Alhamisi ya nne ya Aprili. Ilianzishwa mwaka 1993 na Ms. Foundation ili mabinti waone kazi za watu wazima na wasijidharau; mwaka 2003 wavulana nao wakaingizwa. Wazo jema kabisa. Mtoto wa daktari anajaribu stetoskopu, mtoto wa mhasibu anachezea mihuri. Douglas akamchukua bintiye Elizabeth, miaka minane, akaenda naye gerezani kumhoji Massacre Mike, mtu anayeua watu na kuwala. Katika hekaheka zao watu wazima wakajikuta nje, mtoto akabaki ndani, na mlango umefungwa. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha.

Wala msiseme hamkuwa na mwongozo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 afisa wenu wa kweli, Robert Ressler, alikuwa peke yake gerezani California na Edmund Kemper, muuaji mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Mahojiano yakaisha, Ressler akabonyeza kengele askari aje amfungulie. Kimya. Akabonyeza tena. Kemper akamwambia, kwa utulivu wa mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba angeweza kumng'oa kichwa akakiweka mezani kimpokee askari. Ressler alitoka mzima na akaja kuyasimulia mwenyewe kitabuni. Baada ya hapo mkaweka utaratibu: mtu wa aina hiyo hahojiwi na afisa mmoja. Yaani afisa mzima aliyefundwa Quantico haachwi peke yake na muuaji, ila mtoto wa shule ya msingi anaachwa! Na mwenzake Ressler katika mahojiano yale aliitwa nani? John Douglas. Waandishi wa tamthilia walizisoma historia zenu vizuri kuliko mtumishi wenu.

Tuendelee. Baada ya msiba Anna anahitaji tabibu wa akili. Yule anayemsikiliza na kumpa dawa ni Douglas yule yule. Ndoa imevunjika, kliniki imeendelea. Halafu yuko Buell, fundi anayetengeneza sanduku la barua la Anna sehemu baada ya sehemu, anagonga tu, na sanduku halitengenezeki. Buell aliwahi kuiua familia yake kwa nyundo. Aliyemleta nyumbani kwa mwanamke anayeishi peke yake ni Douglas, na akamwachia nyundo.

Kwa hiyo ulevi, woga wa mvua, vidonge na mtu wa nyundo uani, vyote vimepita mikononi mwa mtaalamu mmoja mwenye kitambulisho chenu. Polisi wa mtaani, badala ya kumuuliza yeye, wakamtia pingu Anna.

Muuaji alikuwa Emma, binti wa Neil, miaka tisa, anayepita nyumba kwa nyumba akiuza chokoleti za shule. Lisa hakununua. Wote walikuwa wakimkodolea macho mlevi. Nani angemshuku muuza chokoleti mwenye adabu? Mwongozaji Michael Lehmann, yule wa Heathers, amelipiga pambano lile la mwisho la mama mzima na mtoto mwenye kisu kana kwamba ni msiba mtupu, na hapo nilicheka mpaka nikaona aibu. Sehemu za katikati zinajivuta, sikatai. Lakini aliyetoka kwenye mvua ile ile inayomzimisha, akavuka barabara kwenda kuokoa watu, ni huyo huyo mliyemwita kichaa.

Sasa ombi. Mwisho wa hadithi Anna na Douglas wamerudiana na wamepata mtoto mwingine. Sijaona mahali Douglas amepewa hata barua ya onyo. Naomba kila Alhamisi ya nne ya Aprili apewe likizo yenye malipo. Ikishindikana, apangiwe stoo ya karatasi, na funguo za stoo ashike mtu mwingine.

Wako mtiifu,
Mtazamaji

Nakala: Buell, fundi wa sanduku la barua. Majibu msiyatume kwa anwani hiyo.