Dawa Kiooni, Waipa Zinalia
Masika yakiingia Dar es Salaam, utaliona gari lenye rimu zinazong'aa na dawa ya kutelezesha maji kiooni, huku waipa zikilia kwiii na kuacha michirizi kama paka kapita na kucha. Mwenyewe atajitetea: mvua ni ya miezi mitatu tu, mpira mpya wa nini? Kumbe mpira hauuawi na mvua. Unauawa na jua la hiyo miezi mingine, unakakamaa na kupasuka ukiwa umelala tu. Na hiyo dawa? Matone huyakimbiza vizuri gari likienda kasi. Kwenye foleni ya Ubungo upepo wa kuyapeperusha atautoa trafiki kwa filimbi? Tena imepakwa juu ya masizi ya dizeli, ambayo sabuni ya vyombo ingeyaondoa kwa bei ya chapati.