Eti Niongeze Kakolamu Kamoja

Tulikuwa tunahama. Ofisi ni ileile yenye lifti mbovu, tulichokuwa tunahamisha ni databesi. Sava yetu ya zamani ilikuwa inatumia MySQL 5.7, toleo ambalo Oracle waliacha kulihudumia Oktoba 2023, na mkaguzi alipoliona kwenye orodha yake aliandika aya nzima kwa wino mwekundu. Basi tumeleta sava mpya yenye 8.0. Tukishatulia huko tutahama tena kwenda 8.4, maana kuruka kutoka 5.7 hadi 8.4 kwa hatua moja hakuruhusiwi. Bosi nilipomweleza hivyo aliniuliza kama nalipwa kwa kila uhamisho. Ningekuwa nalipwa hivyo, ningekuwa naandika safu hii nikiwa Bagamoyo ufukweni.

Kuhama kwenyewe kunaenda hivi. Sava mpya unaifanya nakala ya ile ya zamani: kila kinachoandikwa kwenye sava kuu kinaingia kwenye binlogu, daftari la mabadiliko, na nakala inakisoma na kukirudia kwake, mstari kwa mstari, hadi zote mbili ziwe sawa. Kisha usiku mmoja, wenye pesa zao wakiwa wamelala, unazielekeza programu zote kwenye sava mpya na kuomba Mungu. Ukiwa katikati ya shughuli hiyo, mtu mwenye huruma anaweza kukuomba chochote, hata mkopo, lakini hakuombi uguse skima, yaani mpangilio wa tebo.

Idara ya masoko haina huruma.

Wamekaa kikao chenye sambusa, ambacho sikualikwa, wakagundua kwamba wateja wetu hawapendwi vya kutosha. Dawa wakaipata humohumo: kila mteja awe na jina la utani ndani ya mfumo, ili asubuhi akifungua programu ya simu akute "Habari ya leo, Mwamba" badala ya jina alilopewa na wazazi wake. Ombi likanifikia Ijumaa jioni nimeshabeba begi. Dada wa masoko akasema ni kakolamu kamoja, dakika tano.

Sasa ngojeni niwaeleze hizo dakika tano.

Tebo yetu ya wateja ni pana kuliko akili ya aliyeibuni. Kuna mtu, hayupo kazini tena, aliamua picha za vitambulisho zikae mlemle ndani ya tebo pamoja na majina na mitaa. Kwenye 5.7, ukiongeza kolamu, databesi inaijenga tebo nzima upya na kila kilichomo, na picha zote za watu waliokunja sura mbele ya kamera. Hiyo ni kazi ya saa kadhaa, na diski lazima iwe na nafasi ya tebo mbili. Kweli, tangu toleo la 5.6 la mwaka 2013, ujenzi huo unaweza kufanyika huku wateja wakiendelea kuandika. Bosi amesoma sehemu hiyo tu, na huinukuu kila tukikutana kwenye ngazi.

Sehemu ambayo hakuisoma inahusu nakala. Sava kuu ikiwa inajenga, nakala hazina habari. Unaangalia kipimo cha ucheleweshaji kinasema sifuri. Unaenda kunywa maji, unarudi, sifuri. Unaanza hata kujisifu. Kazi ikishaisha kwenye sava kuu ndipo agizo linapoandikwa kwenye binlogu, nakala inalipokea, na sasa nayo inaanza ujenzi wake kuanzia mwanzo, saa zilezile. Wakati huo yote yaliyokuja nyuma ya agizo hilo yanasubiri mlangoni. Kipimo kinatoka sifuri kinapanda, kinapanda, na programu ya simu inayosoma salio kutoka kwenye nakala inamwonyesha mteja salio la kabla hajaweka pesa. Mteja anapiga simu huduma kwa wateja, huduma kwa wateja wananipigia mimi, na mimi sina wa kumpigia.

Nikamwendea bosi na pendekezo la kistaarabu. Huko 8.0 tunakohamia, kuanzia toleo dogo la 8.0.12 la mwaka 2018, kolamu mpya inaongezwa mwishoni mwa tebo papo hapo, hakuna mstari hata mmoja unaonakiliwa. Nikamwambia, bosi, tuhame kwanza, halafu kolamu yao nitaiongeza huku nikinywa chai, na kikombe sitakiweka chini. Bosi akanitazama kwa upole akasema masoko wameshachapisha mabango.

Nikampa mifano ya wakubwa. GitHub, kampuni ambayo programu nyingi za dunia hii zimehifadhiwa kwake, tarehe 27 Novemba 2021 walikuwa wanamalizia badiliko la tebo moja kubwa, yale mabadiliko ambayo kwao huweza kuchukua wiki. Hatua ya mwisho ilikuwa kubadilisha jina la tebo, basi. Sehemu kubwa ya nakala zao za kusomea zikakwama, na huduma ikayumba kwa saa 2 na dakika 50. Bosi akasema sisi si Marekani. Nikampa mfano wa Basecamp wa Chicago, ambao Novemba 2018 kolamu yao ya namba ilifika 2,147,483,647, mwisho wa uwezo wake, na kwa karibu saa tano watu wakawa wanasoma tu, hawawezi kuandika kitu. Huo akaupenda. Akasema unaona sasa, hao walichelewa kubadilisha kolamu. Mtu akiwa bosi hata mfano wako unamtumikia yeye.

Masoko nao wakaongeza sharti: kolamu isikae mwishoni, ikae katikati, mara tu baada ya jina. Sababu? Kwenye Excel inapendeza.

Kijana wetu mpya, mwenye bidii na maarifa ya YouTube, akaja na wazo. Akasema, kaka, kwa nini tusiiongeze kwanza kwenye sava mpya, hapohapo katikati, halafu ile ya zamani tuiache kama ilivyo mpaka siku ya kuhama? Wazo zuri, ila nakala ikipokea mstari haiangalii majina ya kolamu, inaangalia nafasi. Cha kwanza kinaingia cha kwanza, cha tatu kinaingia cha tatu. Kwenye sava ya zamani cha tatu ni mtaa. Kwenye sava mpya cha tatu kingekuwa jina la utani. Na kwa kuwa vyote viwili ni maneno matupu, databesi isingelalamika, ingepokea tu. Kesho yake asubuhi mama mmoja mtu mzima anafungua simu yake anasalimiwa "Habari ya leo, Mbagala Kizuiani". Kijana alicheka. Mimi niliwaza ni nani angeandika barua ya kuomba radhi.

Kolamu za ziada upande wa nakala zinavumilika zikikaa mwishoni na zikiwa na thamani ya kuanzia. Katikati, hapana. Nikawaambia masoko itakaa mwishoni, na yule anayeona haipendezi Excel aivute kwa kipanya. Huo ulikuwa ushindi wangu pekee wa mwezi.

Tukakubaliana nitumie gh-ost, programu ambayo hao hao GitHub waliitoa bure mwaka 2016. Inatengeneza tebo tupu pembeni yenye kolamu mpya, inanakili mistari kidogo kidogo, na huku inasoma binlogu ili ijue nini kimebadilika nyuma yake. Programu zilizoitangulia, kama ile ya Percona, huweka triga, maagizo yanayojiendesha, kwenye tebo yenyewe, kwa hiyo kila mteja akiandika anabebeshwa na mzigo wa kunakili. Gh-ost haina triga. Nayo ina adabu: kwa kawaida nakala ikichelewa zaidi ya sekunde moja na nusu, inasimama, inasubiri ipumue, kisha inaendelea. Kuna wanadamu ofisini kwetu wanaohitaji mpangilio kama huo.

Inanakili usiku kucha. Asubuhi imebaki hatua ya mwisho, kubadilishana majina: tebo ya zamani itoke, mpya iingie. Kwa hatua hiyo inahitaji kufuli la tebo kwa kitambo kidogo sana. Naiagiza imalize. Haimalizi. Inajaribu tena. Haimalizi.

Mnajua msafara wa kiongozi unavyopita? Kiongozi mwenyewe bado yuko mbali, hajatoka hata nyumbani, lakini trafiki ameshafunga barabara na daladala zote zimesimama. Kufuli hili ni hivyo hivyo. Anayelitaka akishaanza kulisubiri, kila mwenye shida na tebo ile anasimama nyuma yake, hata kama alikuwa anataka kusoma mstari mmoja tu. Na ukitumia agizo la kawaida la MySQL, bila kurekebisha kitu, muda wa juu wa kusubiri kufuli hilo ni sekunde 31,536,000. Msitafute kikokotoo. Ni mwaka mzima. Kuna mtu aliyekaa akaona mwaka mmoja ni muda wa kutosha kusubiri tebo. Gh-ost angalau inafunga barabara sekunde tatu, ikishindwa inaifungua watu wapite, halafu inajaribu tena.

Nikatafuta aliyeishikilia tebo. Ilikuwa ripoti kutoka uhasibu, imefunguliwa tangu jana yake mchana. Programu ile ilielekezwa kwenye sava kuu badala ya nakala, kazi ya yule yule wa picha za vitambulisho, na inafungua muamala ambao haufungwi mpaka mtu afunge dirisha. Mwenye ripoti ni mama mmoja mtu mzima ambaye yupo kampuni hii tangu mishahara ikilipwa kwa bahasha. Kuna amri ya kuukata muamala wake palepale, nimeizoea. Lakini mama huyu ndiye anayeidhinisha posho zangu za usiku. Nikapanda ngazi, maana lifti nimeshawaeleza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda?"

"Kazi mama. Samahani, ile ripoti ya wateja bado unaihitaji?"

"Ripoti ipi?"

"Ya jana. Bado iko wazi."

"Aa, hiyo nilikuwa naangalia tu. Nikaenda kuswali, nikarudi kuna mgeni, nikaondoka. Kwani inadhuru?"

"Haidhuru mama. Ila ukiifunga nitashukuru."

Akavaa miwani. Akatafuta kipanya, kilikuwa chini ya faili la marejesho. Akaniuliza kama nimekula. Akafunga dirisha la barua pepe kwanza, kwa makosa, akaomba tulifungue tena tuone kama barua zipo. Zilikuwepo. Kisha akafunga ripoti. Huko chini gh-ost ikapata kufuli, ikabadilisha majina kwa muda usiofika sekunde moja, na nakala zote zikafuata bila hata kupiga chafya.

Nilipomkuta bosi ngazini alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameangalia ule mstari wa mwisho kwenye kumbukumbu, unaosema badiliko limekamilika ndani ya sekunde moja. "Unaona?" akaniambia. "Na wewe ulisema saa ngapi vile?"

Sava mpya tumeshaihamia, salama. Hakuna aliyepongeza, kwa sababu hakuna aliyejua. Mabango ya masoko yapo barabarani. Kolamu ya jina la utani nayo ipo, na nimechungulia: sehemu kubwa ni tupu, na chache zilizojazwa zimejazwa na wafanyakazi wetu wenyewe wakijaribu, zinasomeka Jaribio, Jaribio2 na JaribioLaMwisho. Wateja wameona hawana haja ya kuitwa majina na kampuni.

Wiki hii masoko wamekaa tena, na sambusa. Sasa wanataka kolamu ya timu anayoshabikia mteja, Simba au Yanga, na ile ya jina la utani wanasema niifute, ni kufuta tu. Tatizo ni kwamba mama wa uhasibu ameshaipenda, ameiweka kwenye ripoti yake ya kila mwezi, na nikiifuta ripoti inavunjika. Nimewajibu kwa barua pepe kwamba ombi limepokelewa na litafanyiwa kazi baada ya sikukuu. Sikukuu ipi, sikuandika.